Siku Mbili za Kumrudisha Baba Ngokolo

Kila mmoja wenu amesikia kipande chake. Mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu anajua habari ya ng'ombe, jirani yangu anajua habari ya msiba usiokuwepo, na mume wangu anajua ile ya lori tu, kwa sababu mdogo wake alimpigia simu siku ileile sauti ikimtetemeka. Nimechoka kusimulia vipande. Leo nimekaa niiandike safari yote, kuanzia machimboni hadi mlangoni kwa Mama, ili anayetaka kujua asome mwenyewe.

Kwa wasiomjua, baba yangu, Mzee Luhende, aliondoka nyumbani kwetu Ngokolo, Shinyanga, miaka kumi na tisa iliyopita kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, niko chuo cha ualimu. Alisema anakwenda msimu mmoja. Miaka ya mwanzo alituma salamu na chochote alichopata, baadaye salamu peke yake, baadaye kimya. Kisha siku moja mwanamke nisiyemjua alinipigia simu kutoka machimbo yaliyo nje kidogo ya Katoro. Akasema Baba yu hai, ila mwamba ulimwangukia miaka mitano nyuma, mgongo na miguu havina nguvu tena, na pale hapamfai.

Nilimpelekea Mama habari hiyo akiwa anafua. Alikamua shuka, akalianika, akalinyoosha pembe zote nne, ndipo akasema, "Mleteni."



Shemeji yangu Dotto, mdogo wake mume wangu, ana pikapu kuukuu ya kubebea mchele. Aliniambia gari liko safi kabisa, halina tatizo lolote. Nayaandika maneno hayo hapa kwa makusudi, ili ayasome.

Machimboni hadi Katoro

Tulifika kwa Baba Jumamosi asubuhi. Alikuwa amekaa nje ya kibanda cha maturubai, amevaa koti, begi miguuni, fimbo katikati ya magoti. Nilikuwa nimemwandalia maneno mengi, mengine nilianza kuyaandaa nikiwa bado msichana. Nilipomwona amekonda vile, yote yakanitoka kichwani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia chini hadi juu. "Umenenepa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka kumi na tisa.

Hapo akatoka mwanamke mnene mwenye uso mchangamfu, anafuta mikono kwenye kanga. Huyu ndiye Mama Shija, aliyenipigia simu. Akaanza kunieleza namna ya kumpaka Baba dawa mgongoni, chakula kipi anakipenda, chakula kipi kinamsumbua tumbo. Kadiri alivyozidi kumjua baba yangu ndivyo mimi nilivyozidi kununa. Nilimjibu kwa "sawa" na "haya" hadi akanyamaza, akanishika mkono na kunivuta nyuma ya jiko lake.

"Mwalimu, unaniona mimi ni mke mwenza wa mama yako?"

 Akanyoosha kidole kwa jitu la miraba minne lililokuwa linageuza chapati kwenye kikaango.

"Yule pale ndiye mume wangu, na mmoja ananitosha. Siku duara lao lilipoingia maji, wote walikimbia isipokuwa baba yako. Alirudi chini akamtoa. Baba yako alipoumia, tukasema atakula kwetu. Basi."

Duara ndilo shimo la kuchimbia dhahabu, na huko hutasikia mtu akiliita shimo. Nilimwomba Mama Shija radhi. Alizikubali upesi, lakini hakuniacha hivihivi. "Hasira zako ni za haki," alisema, "ila umezipeleka kwenye nyumba isiyohusika." Kisha akanifungia mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kukaanga, mzito kama mtoto.

Kuaga kulichukua saa mbili. Baba alimwaga kila mtu: wanaosaga mawe kwenye karasha, wanaosafisha mchanga, muuza vocha, hata mtu mmoja ambaye Baba aliniambia baadaye kwamba hawakuwa wanasalimiana tangu mwaka juzi. Dotto alikuwa anapiga honi. Mimi nilikuwa naangalia jua. Hatukuelewa kwamba mzee alikuwa anatafuta njia ya kutoondoka.

Katoro

Tairi la nyuma lilipasuka tukiwa tunaingia mjini. Hilo ni jambo la kawaida barabarani. Lisilo la kawaida ni kwamba tairi la akiba nalo lilikuwa halina upepo, na Dotto alionekana kushangaa kuliko sisi. Akayaviringisha yote mawili, moja baada ya jingine, hadi kwa fundi. Mimi nikaenda kutafuta chai na sambusa. Niliporudi, kiti cha Baba kilikuwa kitupu.

Mama mmoja aliyekuwa anauza nyanya pembeni hakusubiri nimuulize. "Yule mzee mwenye fimbo? Amepanda bodaboda. Wameelekea huko mlikotoka."

Niliacha sambusa juu ya boneti, nikapanda pikipiki nyingine. Hatukwenda mbali. Pikipiki aliyopanda Baba ilikuwa imeishiwa mafuta, dereva wake amekwenda na chupa kutafuta ya kununua, na baba yangu amekaa juu ya jiwe kando ya barabara kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikamwambia dereva wangu asubiri. Nikakaa chini karibu naye.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nimesahau kitu."

"Kitu gani?"

Alichora mchanga kwa fimbo. "Kabula, mama yako alisema nini hasa?"

"Alisema mleteni."

"Hakusema mleteni salama?"

"Alisema mleteni."

"Hilo ni neno wanalosema wakitaka kuletewa mwizi."

Nilicheka bila kutaka, naye akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. Akaniambia kwamba kila mwaka alikuwa akisema duara hili ndilo la mwisho, nikipata au nisipate narudi. Halafu anasikia mtu amepata kwenye duara la jirani, anaahirisha. Alipoumia akaona sasa ndiyo kabisa, atarudi vipi akiwa mzigo.

"Mtu akichelewa mwaka mmoja anaweza kueleza," alisema. "Akichelewa kumi na tisa aanzie wapi?"

"Sijui," nilimjibu. "Lakini hakuna mwingine atakayekuelezea."

Nilikuwa na hasira na huruma kwa pamoja, na sikutaka hata moja iishinde nyingine. Nikatoa simu, nikatafuta jina la Mama, nikamkabidhi. "Sikuja kukubeba kwa nguvu. Ukitaka kurudi machimboni, rudi. Ila mpigie mwenyewe umwambie kwamba huji."

Aliishika simu kwa muda mrefu. Mwanga wa kioo ukazima. Akanirudishia.

"Twende tukaone kama tairi liko tayari," alisema.

Sambusa zilikuwa zimeliwa na mbuzi.

Katoro hadi Ushirombo

Tulishika barabara ya udongo kwenda Ushirombo, na kwenye saa tisa mvua ikatukuta. Mnaijua mvua yetu ya Desemba, haianzi kwa kubisha hodi. Barabara ikageuka uji. Dotto aliendesha ameinama juu ya usukani, anaongea na gari kwa sauti ya chini kana kwamba ni punda.

Kwenye mteremko unaoshuka kwenye kijito, gari likaacha kumsikiliza. Lilienda upande, likageuka, likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea korongoni. Hakuna aliyepiga kelele. Nakumbuka niliona kiatu changu kikielea kwenye maji yaliyokuwa yameingia sakafuni, nikafikiria nikichukue. Kisha tukagonga kitu nyuma, gari likasimama limeinama. Kichuguu kilikuwa kimetushika. Chini yetu, hatua chache, kijito kilikuwa kimejaa na kinakwenda kasi. Gurudumu moja la mbele lilikuwa hewani.

Dotto aliweka mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Usitikisike," Baba alisema.

Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu tulipokutana. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kazi yake. Alisikiliza gari linavyolia, akatazama kichuguu kwenye kioo cha pembeni, akasema kichuguu kimelowa, hakitakaa muda mrefu. Akatupangia. Mimi nitoke kwanza, kwa dirisha la upande wa juu, taratibu. Dotto anifuate. Yeye abaki.

"Wewe unabaki kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu siwezi kupita dirishani, Kabula. Toka."

Tulitoka. Kutokea ndani, kichwa kimechungulia dirishani na mvua inamnyea, alituelekeza tutafute mawe na magogo, jiwe kubwa chini ya gurudumu hili, gogo liegemezwe hivi, jingine likingame hapa, pigilia, ongeza. Miaka yote ile alikuwa akizuia miamba isiwaangukie watu kwa magogo ya namna hiyo. Dotto alifanya kazi huku analia, ingawa leo anasema ilikuwa mvua.

Katikati ya hayo akatokea mzee mmoja anatoka shambani na ng'ombe wake wanne wa kulimia. Alikuwa Msumbwa, jina lake Baba Paskali. Alisimama, akavua kofia, akatusalimu.

"Habari za safari?"

"Nzuri," nikasema, tope limenifika mapajani.

"Za huko mtokako?"

"Nzuri."

Akainama amwone Baba dirishani. "Na mzee, hujambo?"

"Sijambo," Baba akajibu kutoka kwenye gari linaloning'inia. "Za kwako? Mvua vipi huku?"

"Mvua tunashukuru. Watoto wanaendeleaje?"

"Hawajambo. Mmoja ni huyu."

Salamu zilipokwisha, na si kabla, Baba Paskali alitazama gari, akasema, "Naona mna shida kidogo." Akafungua mnyororo wa jembe.

Ng'ombe walivuta mara mbili wakashindwa. Mara ya tatu gogo moja likavunjika kwa mlio, kichuguu kikameguka, gari likashuka kiasi cha mkono mmoja, na mimi nikaita "Baba" kwa sauti ambayo sikuijua. Mara ya nne likapanda. Lilipofika juu kwenye ardhi tambarare, Dotto alikaa palepale kwenye tope. Nilifungua mlango nikamkuta Baba ameshikilia begi lake kifuani kwa mikono miwili, vidole vimekakamaa. Ilinibidi nivifungue kimoja kimoja.

Taa za gari zilikuwa haziwaki, kwa hiyo tulilala kwa Baba Paskali. Mke wake alituwekea ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, na sijawahi kula chakula kitamu kuliko kile. Baba Paskali alimuuliza Baba alikojifunzia kupanga magogo vile. Baba akamweleza habari za maduara, namna mwamba unavyolia kabla ya kuachia, namna unavyojua gogo limechoka. Alieleza vizuri. Mimi nilikaa pembeni nikimsikiliza, nikagundua kwamba nilikuwa simjui mtu huyu, na kwamba nilitaka aendelee.

Ushirombo hadi Kahama

Jumapili asubuhi mgongo wa Baba uligoma. Hakuweza kukaa. Mama Paskali akatupatia godoro tulilaze nyuma ya pikapu, na shuka jeupe la kumfunika jua lisimchome, akasema tutavirudisha tukipita tena. Baba akalala, akajifunika hadi kichwani, na kabla hatujafika lami alikuwa anakoroma.

Karibu na Masumbwe maji ya rejeta yalichemka. Dotto akaegesha gari chini ya mti karibu na kanisa dogo la kijijini, akafungua boneti, akaenda kutafuta maji. Misa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanatoka. Mama mmoja mtu mzima, amevaa kitenge cha sare ya akina mama wa parokia, akanisogelea. Alitazama nyuma ya gari, akashusha sauti.

"Pole sana, mwanangu."

Nilidhani ananipa pole ya gari. "Asante, Mama. Tumeshapoa."

"Ni nani wako?"

"Ni baba yangu."

"Maskini. Mnampeleka nyumbani?"

"Ndiyo, Ngokolo, Shinyanga. Mama anamsubiri."

Akafumba macho. "Aliumwa muda mrefu?"

"Miaka mitano, tangu mwamba ulipomwangukia machimboni. Ila sasa amepumzika." Nilimaanisha kwamba amelala.

Mama yule akanikumbatia, akaanza kulia. Nikaona huko Masumbwe watu wana huruma ya ajabu. Wanawake wengine wakaja, wakamuuliza, akawaambia kwa Kisumbwa, nao wakajifunga kanga vizuri kiunoni. Wanaume wakavua kofia. Katekista, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasimama nyuma ya pikapu na kufanya ishara ya msalaba. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilifungua mdomo, lakini alikuwa ameshaanza kusali na sikujua unamkatizaje mtu anayesali.

"Ee Bwana," alisema, "mpokee huyu baba anayerudi nyumbani. Sisi hatumjui, wewe unamjua. Kama amekosa, usimhesabie makosa yake. Kama amechelewa, usimfungie mlango. Na wale waliomngoja, uwafute machozi."

Watu wote wakasema amina.

"Amina," Baba naye akasema, akainuka akaketi.

Sitaeleza yote yaliyofuata. Watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe, mwanamume mmoja alipita juu ya ua wa miiba bila kuugusa, na katekista alibaki peke yake, si kwa ujasiri bali kwa sababu miguu ilikataa. Yule mama aliyenikumbatia alikuwa ameanguka makalio nyasini. Baba, shuka likiwa bado kichwani, akamwambia kwa upole, "Shikamoo, Mama," ingawa nadhani walikuwa rika moja.

Nilimsaidia kuinuka huku nikiomba msamaha. Alinitazama mimi, akamtazama Baba, kisha akaanza kucheka, na alicheka hadi akashika mti. Waliokimbia wakarudi mmoja mmoja. Dotto alipofika na ndoo alikuta umati mzima unacheka na akauliza kama kuna harusi. Katekista ndiye aliyekuwa bado na haya. Alimwomba Baba samahani kwa kumsalia sala ya marehemu.

"Usiiondoe," Baba alimwambia. "Iache hivyohivyo ilivyo."

Hakulala tena. Tulipoondoka aliomba akae mbele, kati yangu na Dotto, mgongo uume usiume.

Kahama hadi Tinde

Nyahanga, pale Kahama, tulipita kwa shangazi yake Dotto. Mama huyo alituandalia wali na kuku wa kienyeji, na Baba akaomba maji ya kuoga na wembe. Alikaa bafuni muda mrefu hadi tukawa na wasiwasi. Alitoka amenyoa ndevu, amejikata sehemu tatu, anaonekana mdogo na mwenye hofu zaidi.

Tulikuwa tumeipita Isaka, lami imenyooka, Dotto ameanza kupiga mluzi. Mbele yetu basi lilikuwa linakuja upande wake. Ghafla nyuma ya basi hilo likachomoka lori, likaingia upande wetu kulipita. Hapakuwa na nafasi ya magari matatu. Dotto alikata usukani kushoto, tukaruka ukingo wa lami, tukapita kwenye mtaro, tukaingia shambani. Upepo wa lori ulitikisa vioo. Halikusimama.

Injini ilizima. Kulikuwa na vumbi na harufu ya mpira. Nilipoangalia chini niliona mkono wa Baba umenikinga kifuani, umenikaza kwenye kiti. Ndivyo alivyokuwa akinikinga nikiwa mtoto, akinibeba mbele ya baiskeli akashika breki ghafla. Nina miaka thelathini na tisa. Alikuwa hajajua kwamba ameuweka. Alipouona akauondoa, akajifanya anafuta vumbi kwenye suruali.

"Umeumia?" aliniuliza.

"Sijaumia."

"Sema kweli."

"Sijaumia, Baba."

Akamgeukia Dotto, akamshika bega. "Umetuokoa, mwanangu. Wabeja." Hilo ni neno letu la Kisukuma la kushukuru, na Dotto, ambaye tangu jana alikuwa anatembea kama mshtakiwa kwa sababu ya gari lake, aligeuza uso dirishani.

Mwenye shamba alikuja mbio. Tulikuwa tumelala juu ya miche yake ya pamba, mistari miwili mizima imesagika. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza. Aliniuliza tuko wangapi, akatuhesabu kwa macho, akarudia kutuhesabu. "Watatu na watatu," alisema. "Pamba nitapanda tena." Akaita jirani zake wakatusukuma hadi barabarani.

Tinde tulikunywa chai. Hapo Baba alianza kuniuliza nani bado yuko hai. Alitaja majina, mimi nikajibu yupo, yupo, alifariki, alihamia Kahama, alifariki. Habari za mama yake mzazi hakuuliza. Habari za kifo chake zilimfikia machimboni mwaka uleule alipofariki, na hakuja kuzika.

Ngokolo

Tulifika kama saa kumi na moja, jua bado lipo. Mama alikuwa amekaa kibarazani na ungo mapajani, anachambua mchele. Alituona, nina hakika alituona, lakini aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Tulipokaribia aliweka ungo chini. Akampokea Dotto salamu zake, akamuuliza habari za njiani. Akanipokea mimi, akanishika mashavu, akaliona tope kwenye nywele zangu akalitoa. Kisha akasimama mbele ya mlango wa gari.

"Mama Kabula," Baba alisema.

"Baba Kabula."

Alijaribu kushuka peke yake. Mguu wa kwanza ulifika chini, wa pili ukakataa, akayumba. Mimi na Dotto tulisogea, lakini Mama alikuwa karibu zaidi. Alimwekea bega chini ya kwapa, wakatembea hatua zile chache hadi kwenye kiti. Akamkalisha. Akachukua kigoda chake akakiweka mbele ya Baba, si pembeni, akakaa.

"Mama yako alifariki Alhamisi asubuhi," Mama alianza. "Mvua ilikuwa inanyesha. Aliniuliza kama umefika. Nikamwambia uko njiani. Nilimdanganya mtu anayekufa kwa ajili yako. Nataka ulijue hilo kwanza."

Baba aliinamisha kichwa.

"Usiinamishe. Nitazame."

Akamtazama.

Mama aliendelea. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alimwambia nani alishika nafasi yake kaburini, nani alikataa kuishika. Alimwambia habari za homa iliyomlaza miezi miwili, mchumba wa kwanza aliyekuja kunitaka, mjomba wangu akampokea badala ya Baba, mbwa aliyekuwa analala getini kwa mwaka mzima baada ya Baba kuondoka. Jua lilizama bado anasema. Baba alilia kwenye habari ya mbwa. Niliona ajabu, kwenye habari ya mama yake hakulia, kwenye ya mbwa akalia hadi mabega yakatikisika, na Mama akamsubiri amalize.

Kisha akainuka kwenda kuangalia wali jikoni. Mlangoni aligeuka.

"Sijamaliza," alisema. "Hapo nimefika mwaka wa pili. Kesho nitaendelea."

"Nipo," Baba akasema.

Mnaniuliza sasa hali ikoje. Godoro na shuka vimesharudi kwa Mama Paskali, gari la Dotto liko gereji. Na Mama bado anaendelea. Huendelea jioni akichambua mboga, huendelea akimpaka Baba dawa mgongoni, siku nyingine kwa hasira na siku nyingine wanacheka hadi majirani wanachungulia. Jumamosi iliyopita nilifika nikakuta amefika mwaka ule niliofeli mtihani wa chuo nikaurudia. Baba alinigeukia.

"Ulifeli? Somo gani?"

Nilikuwa nimepita tu kuwaletea sukari, nina madaftari ya kusahihisha nyumbani. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kumwambia.